Dakika Kumi za Mzee Bahizire

Wapendwa waombolezaji, Pasta, wazee wa kanisa, jamaa mliotoka Buffalo na Columbus mkiendesha gari kwenye mvua, na ninyi wageni wetu mlioketi benchi ya mwisho, mimi ni Kataliko, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, ikaniomba pia nisichekeshe, nami nimeahidi kujaribu.

Marehemu Bahizire Elie alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 kule Walungu, Kivu ya Kusini, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari miaka miwili, akaiacha ili ajifunze useremala, na kitu cha kwanza alichotengeneza hakikuwa kiti wala meza, kilikuwa gitaa, lenye nyaya za breki za baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya baba yetu, donc siku ile baba aliteremka mlima bila breki, akamsamehe mwaka uliofuata.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Emérence, aliye hapa mbele yetu, Mungu akawajalia Chimène na Aganze, vita vikawatoa nyumbani mwaka 1998, wakaishi kambi ya Nakivale, Uganda, hadi tarehe 12 Februari 2013 walipofika Buffalo, upande wa East Side, theluji ikiwa magotini, na huko alifanya kazi ya kutunza wazee, akawaimbia wakati wa kuwaogesha, mpaka wengine wakaanza kudai kuogeshwa mara mbili. Mwaka 2016 alihamia Columbus, kwenye ghala la mizigo, na mwaka 2018 akaja hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, akaajiriwa kiwanda cha masanduku, na kanisa hili likamkabidhi gitaa la kwaya.

Sasa nifike Jumanne tarehe 10 Septemba 2019. Karibu na Iroquois Park kuna baa ambayo kila Jumanne jioni humwachia jukwaa mtu yeyote mwenye wimbo, wengi wao ni watu wa blues na wa nyimbo za kale za milimani kwao, unaandika jina kwenye karatasi, unapewa dakika kumi, unampisha mwenzako. Rafiki wa kiwandani alimwalika, nikamsindikiza, tukaagiza Fanta mbili. Kaka alipoitwa, alipanda kama anavyopanda hapa kanisani, hakugusa waya hata mmoja, akasalimu kwanza, akafikisha salamu za Emérence, za kanisa, za Walungu nzima, akashuhudia alivyovuka mpaka, yote kwa Kiingereza cha kiwandani, kisha akawaomba watu wasimame kwa maombi, na watu wa baa, bon, walisimama, wakaweka bia chini, mmoja akavua kofia. Dakika tisa ziliisha kabla ya wimbo. Mama Darlene, anayeshika orodha, alitazama saa yake, akaifunika kwa kiganja, akamwambia aimbe, naye akaimba wimbo wa mama yetu wa kupalilia maharage, na mzee mmoja mwenye kinanda cha mdomo akamfuata kana kwamba alikuwa amelima naye Walungu.

Kwa fahari yangu nilirekodi, nikaiweka kwenye WhatsApp ya kwaya, na nyuma ya kaka chupa za pombe zilionekana zote, zimejipanga vizuri kuliko sauti ya pili ya kwaya yetu. Kosa hilo ni langu, leo nalisema mbele yenu. Wazee walimsimamisha kwenye kwaya na Meza ya Bwana mpaka atubu, akahamia benchi ya mwisho. Toba yenyewe ilikuwa sentensi moja tu mbele ya kanisa, nilimsihi aiseme, akanijibu: "Kataliko, nitubu nini, ile bia ambayo sikuinywa, ao yale maombi niliyoomba?"

Alikaa benchi hiyo miaka mitano na zaidi, kila Jumapili bila gitaa, akitazama vidole vya aliyeshika nafasi yake, na kila Jumanne alikwenda kule na bakuli la mandazi ya Emérence, ambako watu sasa hawakuanza mpaka aombe, na hakuzidisha tena dakika, kwa sababu alifupisha wimbo, salamu hakuzigusa.

Mwezi wa Novemba 2024 alipatikana na saratani ya kongosho. Jumanne zote alizokosa, Mama Darlene aliita jina lake na kuacha jukwaa tupu dakika kumi. Pasta aliposikia alikwenda kujionea, Biblia kwapani, akaketi dakika zote kumi, na Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 akaingia hospitali akasema: "Mzee Bahizire, kesho gitaa ni lako, hatudai sentensi yoyote." Kaka, sauti imebaki nusu, akamjibu: "Asante, Pasta, lakini salamu sizifupishi." Daktari alimruhusu saa mbili za kutoka, Emérence akapiga pasi shati jeupe. Alifariki Jumapili hiyo, saa tatu asubuhi, kwaya ikijipanga, shati likiwa kwenye kiti.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Iroquois walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, wenzake wa kiwandani waliomfanyia zamu, na Pasta, aliyejua njia ya kurudi. Na ninyi wa benchi ya mwisho, rafiki zake wa Jumanne, tuliwaomba mketi mbele, mkakataa, mkasema aliwaambia hapo ndipo mahali pake.

Mama Darlene atakuja kupiga gitaa la kwaya, wimbo wa kupalilia. Ameniuliza ana dakika ngapi. Pasta amevua saa yake, ameitia mfukoni.

Kaka, pumzika sasa, na huko ulikofika, anza na salamu.