Mheshimiwa Janice Wangeci: Hakimu Aliyekataa Kuwatoza Watoto Faini

Mchungaji wetu, wazee wa Kangemi, majirani wa Kileleshwa na wageni mliofika kutoka Siaya, familia ya Mzee Kibe na familia ya Obuya zinawashukuru kwa kuja, na kabla ya kumpeleka mpendwa wetu nyumbani kwa mumewe, zinaomba mtulie kidogo msikie alikotoka, alikopita na alichokifanya.

Janice Wangeci Obuya alizaliwa tarehe 17 Mei 1964 hapa Kangemi, mtoto wa tatu wa Mzee Kibe Ndegwa, mkulima aliyekuja kuwa mwenye nyumba za kupangisha, na Mama Rachael, aliyeuza mboga sokoni hadi magoti yalipomgomea. Tangu utotoni alikuwa mbishi, si wa matusi bali wa maswali, na Mama Rachael alizoea kuwaambia majirani, "Huyu ukimkataza kitu lazima umpe sababu, na sababu yenyewe iwe na miguu ya kusimama."

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kangemi kuanzia mwaka wa 1971 hadi 1977, akaenda sekondari ya wasichana huko Nyeri hadi 1983, kisha mwaka wa 1985 akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria, akahitimu 1988, na mwaka wa 1990 akaapishwa kuwa wakili, siku ambayo Mzee Kibe alivaa koti lake la harusi ingawa lilikuwa limekataa kabisa kufunga vifungo.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na Sammy Obuya, mhandisi wa maji kutoka Siaya, baada ya Mzee Kibe kumhoji kijana huyo mchana kutwa, akamuuliza kuhusu watu wao, kanisa lao na hata ng'ombe wao, na mwishowe akawageukia wanawake waliokuwa wakisubiri jikoni, akasema, "Huyu anajibu bila kupepesa macho, mpeni chai." Mungu aliwajalia watoto wawili, Debra, aliyezaliwa 1993, na Kibe, aliyezaliwa 1996 na kupewa jina la babu yake mzaa mama, na nyumba yao ya Kileleshwa haikuwahi kukosa mgeni wa pande zote mbili.

Mwaka wa 1994 marehemu aliteuliwa kuwa hakimu, na baada ya kuhudumu katika vituo kadhaa, mwezi wa Januari 2007 alipewa mahakama ya watoto katikati ya jiji, na hapo ndipo kazi yake ilipopata jina. Mwanzoni alifanya kama wenzake walivyofanya, mtoto akikosa alitozwa faini, mzazi akapewa muda wa kulipa, faili ikafungwa, na yeye mwenyewe aliamini kwamba kumpa mzazi muda ni huruma tosha.

Asubuhi moja ya Juni 2009, akipita kwenye ujia wa mahakama, alisimamishwa na mama mmoja wa Kangemi aitwaye Naliaka, fundi wa nguo, ambaye binti yake Jacklyne alikuwa ameiba viatu vya shule kwenye kibanda cha sokoni na kutozwa faini. "Mheshimiwa, nimekuja tu kukushukuru," Naliaka akasema, "ulinipa wiki mbili, nikapata mtu wa kununua cherehani yangu." Marehemu akamuuliza sasa anashona na nini, naye akajibu kwa tabasamu la mtu asiyetaka kusumbua, "Sishoni tena, nafua nguo za watu huko Kileleshwa." "Na Jacklyne?" "Ameacha shule, Mheshimiwa. Anasema yeye ndiye aliyekula cherehani, acha atafute kazi airudishe."

Jioni hiyo marehemu alikaa mezani na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akamwambia mumewe, "Sammy, leo nimeshukuriwa kwa kubomoa nyumba ya mtu." Mzee Obuya alimshauri amnunulie mama yule cherehani nyingine, lakini alikataa, kwanza kwa kuwa hakimu hapaswi kumpa zawadi mtu aliyesimama mbele yake, na pili, kama alivyosema, "Nitakuwa nimerudisha moja. Hizo zingine nilizouzisha ziko wapi?" Alichofanya ni kumwomba afisa wa watoto afike kwa Naliaka, na Januari iliyofuata Jacklyne akarudi darasani.

Kuanzia wiki ile hakumtoza mtoto faini tena, wala mzazi wake, bali alitumia njia nyingine ambazo sheria ilikuwa imeziweka wazi siku zote, mtoto akawekwa chini ya uangalizi, akapelekwa kwa washauri, na palipowezekana akakutanishwa na aliyemkosea ili amwombe radhi na kumfanyia kazi ya kufidia. Kiongozi wa mashtaka wa wakati huo, Bwana Nzioka, ambaye tunaye hapa leo, alisimama kortini akauliza, "Mheshimiwa, sasa adhabu iko wapi?" naye akamjibu, "Aliyekosa ni mtoto. Nikimtoza mama yake, huyu mtoto atakuwa amejifunza nini, isipokuwa kwamba kosa lake lina bei?"

Si kila mtu alifurahi, na si kila mtoto alinyooka, kwani mmoja aliyemwachilia chini ya uangalizi alirudi kuiba kabla mwezi haujaisha, na marehemu aliitwa mbele ya wakubwa wake aeleze kwa nini mahakama yake haiingizi chochote. Wengine wangetafuta maneno laini, yeye alisema, "Mahakama ikihitaji pesa ikaombe Bunge, isimtume mtoto." Mwezi wa Machi 2011 alihamishiwa kituo cha mbali huko kaskazini, akafunga mizigo bila kinyongo, akawaambia watoto wake kwamba hata huko kuna watoto na kuna wazazi, na kwa miaka minne aliendelea vile vile, akiandikia wenzake wa Nairobi na kuwapigia simu hadi wengine wakawa wanaogopa kupokea.

Aliporejea jijini mwaka wa 2015 alimkuta Bwana Nzioka amekuwa mtetezi mkubwa wa jambo lile lile alilolipinga, na wawili hao, pamoja na maafisa wa uangalizi, mawakili na wazazi, wakaketi vikao visivyohesabika, hadi Oktoba 2018 kituo chao kilipokubaliana kwamba mtoto hatatozwa faini, na kwamba mzazi asiye na uwezo hatadaiwa ada ya karatasi ili kesi ya mwanawe isikilizwe. Siku hiyo marehemu hakupiga makofi, alivaa miwani yake akasema, "Haya, tuite kesi ya kwanza."

Alistaafu Mei 2024. Novemba mwaka huo alianza kulalamika maumivu ya tumbo, madaktari wakagundua saratani ya kongosho, na ingawa alipata matibabu mema, mwili ulizidi kudhoofu huku ulimi ukibaki na nguvu zake zote. Mahakimu vijana walifika kitandani kumpa pole wakaondoka wamepewa kazi. Alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Debra. Amemwacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na dada yake Phoebe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kileleshwa waliopika na kulala nasi, kanisa, wenzake wote wa mahakamani, na wazazi wengi tusiowajua majina, mliofika tangu asubuhi mkasimama nje kwa kudhani kwamba ndani ni kwa watu wakubwa, tafadhali ingieni, viti vyenu viko mbele.

Wangeci, mwana wa Kibe, mke wa Obuya, umeenda mbele ya Hakimu asiyetoza ada mlangoni, pumzika kwa amani yake.