Tuta la Mchicha

Asubuhi moja niliondoka kwenye kambi ya wajenzi wa reli bila mpango wowote. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, wenzangu wa chama cha kuzikana. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo kila njia niliyoiona nilitaka kujua inaishia wapi. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda Iringa. Nikapanda. Njiani nikajiambia, basi nikamsalimie baba kule Kihesa.

Baba alikuwa na miezi minne kaburini. Barua zilinitafuta, lakini mtu asiye na anwani utampelekea wapi barua? Dada yangu, aliyemuuguza peke yake, alinipeleka nyuma ya jiko, akanionesha tuta la udongo mwekundu lililozungushiwa mawe.

"Msalimie," akasema.

Nikasalimia. Ndugu zangu, sitawadanganya: machozi hayakunitoka. Nilikuwa naangalia bati la nyumba, nikijiuliza nani angeinunua.

Dada alikataa wiki nzima. Mwishowe akakubali, maana mumewe alikuwa akifanya kazi Mafinga, naye alichoka kuishi mbali naye. Ila alitoa sharti moja.

"Mnunuzi aoneshwe kaburi. Akubali kulitunza, na sisi aturuhusu kuja kulipalilia. Akikataa, huuzi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Akaenda Mafinga, akaniachia nyumba niitengeneze. Na niliitengeneza kweli! Niliziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Nikakwangua masizi ya jikoni, nikapaka chokaa kuta zote, na chini nikazungusha mkanda wa udongo mwekundu ili matope ya mvua yasionekane. Majirani wakawa wananitania: "Bwana harusi, bibi harusi anafika lini?"

Wakaja wanunuzi wawili, kwa siku tofauti. Kila mmoja nilimwonesha kaburi, kila mmoja akasema atarudi. Hawakurudi. Pengine walikuwa na sababu zao, lakini mimi nilishaamua kwamba baba ndiye anayefukuza watu.

Nawaambia nilichofanya, na msinikatize. Niliyaondoa mawe. Nikasawazisha tuta kwa jembe, nikatia samadi, nikapanda mchicha. Mawe nikayapaka chokaa, nikayapanga pande zote mbili za njia ya kuingilia mlangoni. Yalipendeza. Mchicha ukastawi.

Mnunuzi wa tatu alikuwa mzee wa Kibena, mwalimu aliyestaafu, pamoja na mkewe. Walizunguka nyumba yote wakitabasamu. Mkewe akainama nyuma ya jiko, akachuma majani mawili matatu.

"Hata mboga ipo," akamwambia mumewe.

Mzee akavua kofia. "Kijana, tumesikia baba yako alitangulia. Amelazwa wapi? Hatuwezi kuingia kwake bila kumsalimia."

Hapo ningeweza kusema kweli. Mdomo wangu ukasema, "Tulimpeleka kijijini, mzee."

Sijui dada alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuwa ametoka stendi, mzigo bado kichwani. Alisalimia, "Kamwene," akautua mzigo taratibu, akatupita. Akapiga magoti kwenye mchicha, akaanza kung'oa mmoja mmoja.

Mama yule aliyaachia majani yakaanguka. Mzee alinitazama.

"Kaburi ningelizungushia matofali," akasema. "Nilikuwa natafuta nyumba yenye wenyewe. Sasa wewe, kama umenificha baba yako, nyuma ya chokaa hii umenificha nini kingine?"

Akavaa kofia yake, wakaondoka.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Sisi tulimzika mara moja," akasema. "Wewe hukuja, halafu umekuja kumzika tena peke yako. Rudisha mawe, kisha uende."

Niliyarudisha moja moja. Niliyasugua kwa maji na mchanga, chokaa haikutoka yote. Yako hivyo hadi leo, nasikia. Dada sijamwona tena. Nimetuma salamu mara nyingi kwa watu waendao huko, hakuna aliyerudi na jibu. Yeye ndiye anayelala kwenye nyumba ile, mbali na mumewe, akimlinda baba dhidi yangu.

Mmekuwa mkiuliza kwa nini kila msiba mimi huwa wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kutoka makaburini. Ndiyo hivyo. Ninawashukuru kwa kunipa jembe hilo bila kuniuliza kwanza. Na ukitaka kuuza nyumba, ziba nyufa, paka chokaa, fagia uwanja. Lakini aliyelala pale mwoneshe. Anayekimbia kwa sababu yake, mwache akimbie.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kushukuru. Yupo hapa, simtaji. Nilipofika hapa Mwanjelwa na kifurushi changu, nikitafuta chumba cha kupanga, milango mitatu ilifungwa mbele yangu. Wa nne ulifunguliwa na mama mjane. Chumba kilikuwepo. Kabla sijatua kifurushi nikamuuliza, "Mama, mwenye nyumba amelazwa wapi, nimsalimie?"

"Wapangaji huniuliza choo kiko wapi," akasema.

Kisha akachukua ufagio, akanipa, akatangulia kwenda nyuma ya nyumba.