Gérard Onema, Mkono Usiotetemeka (1951–2024)

Sikuli, mkwe wake, alimwona marehemu kwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 2002, katika kituo cha afya cha Mikelenge, hapa Kindu. Alikuwa amemleta kaka yake kwa baiskeli, risasi pajani. Uani watu walikuwa wanalia. Marehemu alishona jeraha huku akiuliza kwa upole kama mihogo imeshuka bei. Hakutoka hata jasho. Sikuli alimwogopa.

Gérard Onema alizaliwa Punia tarehe 3 Machi 1951. Alisoma kulekule shule ya misheni, ambako mwalimu alimchapa mara moja tu. Hakuona hata kope ikicheza, akaacha. Alihitimu uuguzi mwaka 1974, akapangiwa kazi Kindu. Mwaka 1978 alimwoa Zawadi, wakawapata Bibiche na Arsène.

Wakati wa vita alimtibu malaria kamanda mmoja, siku ileile kamanda huyo alipoamuru watu wauawe. Kamanda alipokuwa akiyasimulia mauaji hayo, marehemu alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo. Sitini na manne, hayakupanda. Akahesabu ya kwake: sitini na manne. Tangu hapo, alisema, kila asubuhi alijiuliza mtu ambaye moyo wake unaruka angefanya nini, naye akafanya hivyo. Ndiyo maana alivuka mto kuwatibu waliokwama ng'ambo.

Mama Zawadi alifariki mwaka 2009, na mumewe hakulia. Mashemeji walikataa kula naye. Bibiche alitaka kujua kama mama yake alipendwa, lakini hakuweza kuuliza. Akamtuma mumewe Sikuli, ambaye ana haya.

"Ninajua nimefiwa," mzee alijibu, "kama vile mutu iko ndani ya nyumba anajua mvua inanyesha. Mwili haulowi. Na wewe, machozi inaanzia wapi? Kooni ao tumboni?"

Sikuli alifikiri, akasema tumboni. Mzee akataka aelezwe zaidi.

Kwa miaka kumi na mitano alilifyeka kaburi la mkewe kila Jumamosi. Bibiche aliliona hilo, akaanza tena kumpikia.

Figo zilimsumbua tangu Februari. Alituacha tarehe 9 Juni 2024. Ameacha watoto wawili, wajukuu sita na dada yake Emerance, wa Lubutu. Mungu amlaze pema, karibu na Zawadi.

Alasiri ya mwisho alimshika Sikuli mkono, akahesabu.

"Mia moja na kumi. Ni kwa sababu yangu?"

Sikuli aliitikia kwa kichwa.

"Asante, mutoto. Siku ya kunizika, ulie pia kilio cha Zawadi, kile mimi nilishindwa."