Mama Endelea Anavua Koti Jeupe

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya saikolojia ya chuo hiki, binti yangu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kamati ya jarida la wafanyakazi imeniomba niandike maneno machache juu yake. Maneno machache mimi sina, na mtoto niliyemzaa mimi hatoshi kwenye machache, kwa hiyo mtanivumilia. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini huyu anayestaafu namjua kuliko maprofesa wote wa jengo hilo wakiwekwa pamoja.

Kazi yake ni kuchunguza kwa nini binadamu akiamriwa jambo hulifanya hata kama moyo wake unakataa. Watoto wa majirani zangu ni wahandisi na wahasibu, kazi za kueleza kwa neno moja. Mimi nilihangaika weee, mwishowe nikawa nasema ni daktari, kwani vyeti vyake vinasema hivyo na koti jeupe analo. Basi kila Jumapili akija kunisalimu anakuta watu wamejaa barazani, huyu na goti lake, yule na mgongo wake. Kwa adabu niliyomfunza mwenyewe, aliwasikiliza wote akawaambia wakapumzike. Wakapumzika, na wengine wakapona. Akaniambia huo nao ni utafiti.

Alianza kama msaidizi, akapanda mpaka mhadhiri mwandamizi. Vitabu vyake vitatu viko sebuleni kwangu, pale ambapo mgeni hana pa kuangalia pengine.

Lakini msidhani wataalamu wenzake wana ujanja wowote. Mwaka mmoja alibandika karatasi kwenye mlango wa mbele wa idara: "Tumia mlango wa nyuma." Ilikuwa ya jaribio la siku moja tu, akaisahau akaenda likizo. Mwezi mzima wachunguzi wa utii walipita nyuma, kando ya mapipa ya taka, na mikoba yao ya ngozi. Siku aliyorudi kazini nilimpelekea chakula. Nikausukuma ule mlango wa mbele, ukafunguka.

Jina la Mama Endelea alilipata kwenye jaribio la michoro. Mtu anaalikwa kutoka mtaani, anakalishwa mezani, anawekewa rundo la michoro, anaambiwa ni ya watoto waliolazwa hospitali. Binti yangu, ndani ya koti jeupe, anamwambia aichane mmoja mmoja. Mtu akisita, yeye anasema tu, "Tafadhali endelea." Nao wakaendelea. Walichana huku wakiomba radhi, wengine machozi yakiwalengalenga, lakini walichana. Kumbe watoto wenyewe hawakuwapo. Michoro yote ilikuwa ya dereva wa idara, aliyeichora kwa mkono wa kushoto, na ng'ombe wake walifanana na meza zenye mkia.

Profesa aliyekuwa mkuu wa idara enzi hizo alikuwa na sharti moja. Mshiriki asiambiwe ukweli mpaka utafiti wote uishe, miezi mingi mbele, asije akaueneza mtaani. Binti yangu alilifuata, mpaka alipokuja mama mmoja fundi cherehani. Alichana yote. Alipomaliza akaanza kuunganisha vipande kwa vidole, akauliza watoto hao wako wodi gani, ili akawashonee chochote. Sharti lilikataza kumwambia ukweli. Akaondoka ameinamisha kichwa.

Binti yangu alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, kisha akatoka mbio na koti lake. Alimkuta kituo cha basi akamweleza yote. Yule mama hakuamini, alidhani anabembelezwa. Ikabidi dereva aitwe, achore ng'ombe palepale juu ya goti. Yule mama alipouona ule mkia alicheka mpaka akakaa chini.

Profesa hakucheka. Alimwambia binti yangu achague moja, arudi kwenye sharti au mkataba wake, uliokuwa ukingoni, usiongezwe. Binti yangu alikuja kwangu siku hiyohiyo. Nikamwambia, mwanangu, mwombe radhi mkubwa wako, kazi zenyewe ziko wapi, na una watoto wanasoma. Akanijibu, "Mama, kila siku naandika kwamba wale watu wangeweza kukataa. Nikisema ndiyo kwa hili, kesho nitaandika nini?" Nikamwongezea chai. Ushauri wangu ulikuwa mzuri, bado nasema, ila haukuwa wa mtu kama yeye.

Akagoma kuvaa koti mpaka kila mshiriki aambiwe ukweli kabla hajavuka mlango wa kutokea. Idara ikajaribu kuwavalisha wengine. Mhadhiri mmoja kijana alivalishwa koti, washiriki wakamuuliza daktari anakuja saa ngapi. Akavalishwa dereva, naye akakataa katakata kumwamuru mtu achane ng'ombe wake. Haikupita muda Profesa akasalimu amri, na mkataba ukaongezwa. Tangu hapo huo ndio utaratibu wa idara nzima. Hatoki mtu bila kuelezwa ukweli na kunywa chai na dereva.

Gauni atakalovaa siku ya kuagwa limeshonwa na fundi yuleyule. Nasikia na wengine wengi waliochana michoro watakuja, na wajukuu zao. Niliuliza nani amewaita, nikaambiwa walisikia tu wakasema lazima wafike.

Mwanangu, wenzako wa idara na sisi wa nyumbani tunakushukuru kwa kazi yako. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zisizo na haraka. Umepigania haki ya watu kusema hapana, na tunajivuna. Ila ukija kwangu na ukapakuliwa chakula mara ya pili, haki hiyo iache mlangoni. Wewe endelea.