Cândido Nantumbo na Mchoro Aliokataa Kuutia Saini

Baba Padre, shehe wetu wa mtaa, katibu wa bairro, yaani mtaa wetu huu, wakubwa mliotoka idara aliyofanyia kazi, ndugu wa Diaca na Mueda, nanyi majirani ambao tangu juzi hamjaondoka uani hapa, familia imenikabidhi karatasi hizi mimi, Domingas Armando Nantumbo, mdogo wake marehemu niliyezaliwa nyuma yake tu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyoandikwa, kwa sababu mwenye maisha haya hakupenda kabisa mtu aongeze neno lisilokuwepo kwenye karatasi.

Marehemu Mhandisi Cândido Armando Nantumbo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1974, kijijini Diaca, wilaya ya Mocímboa da Praia, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Armando Nantumbo, seremala, na mama Rosita Nchimwa, mkulima. Baba yetu alikuwa na desturi ya kuchora kila mlango kwa mkaa mara tatu kabla ya kugusa ubao, mara ya kwanza unavyoonekana kwa mbele, mara ya pili kwa ubavuni, mara ya tatu kwa juu, na mteja alilazimika kuikubali michoro yote mitatu, kwa kuwa mlango unaweza kupendeza kwa mbele na usifungike. Cândido ndiye aliyekuwa akishika mkaa, na sisi wadogo zake tuliamini kwamba huo ni mchezo, hadi tulipokuja kuona kwamba hakuwahi kuuacha.

Alianza shule ya msingi Diaca mwaka 1981, akahamia Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kwa mjomba mwaka 1989 kuendelea na sekondari, akamaliza Desemba 1995, na Februari 1996 alikwenda Maputo kusomea uhandisi wa umeme na mawasiliano, masomo aliyohitimu Novemba 2002. Krismasi ya mwaka 1998 alirudi likizo, akakaa jikoni siku nzima na daftari, akamchorea mama jiko lake lote, kwa mishale, akimwonyesha kwamba maji yanapita mlango mmoja mara saba bila sababu, naye mama alimshukuru sana, na karatasi ile akawashia moto. Nalitaja hili kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia mara nyingi, akisema ndiyo kazi yake ya kwanza kukataliwa.

Kuanzia Januari 2003 hadi mwisho wa mwaka 2010 alifanya kazi katika kampuni ya simu, akisimamia ujenzi wa minara kutoka Nampula hadi Palma, na Machi 2011 aliajiriwa kama raia katika idara moja ya ulinzi, ambayo ilimpeleka Lisboa kati ya mwaka 2012 na 2014 kusomea usanifu wa mifumo. Wengi wetu hatukuwahi kuielewa kazi hiyo, na tukiulizwa tulisema tu kwamba anachora, basi familia imeona nifafanue kidogo, kwamba mfumo wa ulinzi, uwe wa redio, wa boti za doria au wa kupeleka taarifa, una askari anayeutaka, mkubwa anayeuidhinisha na fundi anayeufunga, na kila mmoja wao huona kitu chake mwenyewe, hivyo watu wa kazi hii wamekubaliana kurasa maalumu za kuchorea mfumo mmoja kutoka pande zote, ukurasa mmoja unasema kinachotakiwa kufanyika, mwingine nani anampa nani habari gani, mwingine chombo gani kinaibeba na kwa dakika ngapi, na kurasa zote lazima zikubaliane kabla hata waya mmoja haujanunuliwa. Marehemu alisema Lisboa hawakumfundisha kitu kipya, walimpa tu majina ya mambo ya baba.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani Mueda na Gracinda, muuguzi, ambaye yuko mbele yenu hapa, na kwa siku hiyo alitengeneza mchoro wa namna chakula kitakavyotoka jikoni kufika kwa wageni, mchoro mzuri sana, na chakula cha mchana kilifika saa kumi na moja jioni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Clésio aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2006 na Nélia aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2010.

Mwaka 2020 vita viliwaondoa wazazi wetu Diaca, wakatembea siku nne, na baba alifariki Pemba akiwa mkimbizi, tarehe 6 Aprili 2021. Wakati wa msiba ule marehemu alimwuliza kila ndugu aliyetoka kijijini swali moja, kwamba siku ile ulijuaje, na nani alikwambia, akaandika majibu ya watu thelathini na wawili, na watu ishirini na tisa walisema hawakuambiwa na mtu, walikimbia kwa sababu waliona wengine wanakimbia. Daftari lile alikuwa nalo hadi juzi, na nadhani tangu siku ile hakuwa akichora kwa ajili ya idara peke yake.

Januari 2022 alihamia Palma, katika nyumba hii, akiwa mkuu wa usanifu wa mfumo wa tahadhari ya pwani, kazi iliyokusudiwa kuchukua habari ya hatari kutoka kwa wavuvi na walinzi wa visiwani, kuanzia Vamizi, kuipitisha kwenye vituo vya redio, na kuifikisha kwa mwananchi nyumbani kwake, na mambo ambayo idara imetuomba tusiyataje hatukuyataja. Mchoro ulikuwa na kurasa arobaini na moja, na kwenye ukurasa wa mwisho wa habari, mahali inapomfikia mwananchi wa mtaa huu, palichorwa kisanduku cha kipaza sauti cha msikiti, kwa kuwa kipo, kina umeme wake wa jua, na kinasikika hadi mashambani, na mshale uliotoka kwenye kisanduku hicho uliishia kwa watu.

Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023, lilifanyika zoezi la kuujaribu mfumo, na idara ilitaka watu wasiambiwe mapema, ili kuona ukweli, hivyo mtaani waliojua ni katibu na muadhini wetu, mzee Buanali, peke yao. Saa nne asubuhi kipaza sauti kilifunguliwa, na mzee Buanali akaanza kusoma karatasi aliyopewa, iliyowataka watu wote watoke kwenye mtaa na kwenda uwanja wa shule, upande wa barabara ya Mute, lakini ninyi mliokuwepo mnajua kilichotokea, kwamba hapa kwetu kipaza sauti kikifunguliwa nje ya saa za sala kuna jambo moja tu, ni msiba, na mtu hasubiri kusikia mwisho, anainuka. Katika watu mia nne na kumi na wawili waliotarajiwa uwanjani walifika tisa, wote wafanyakazi wa idara, na watu zaidi ya mia mbili na hamsini walikusanyika msikitini, mahali ambapo kwenye mchoro palitakiwa kuwa patupu ndani ya dakika kumi, wanaume kumi na wawili wakiwa na majembe ya kuchimbia kaburi, na wanawake wakiwa wamejifunga kanga na kubeba mchele.

Marehemu alitoka uwanjani na saa yake mkononi, akaja hadi msikitini, na bibi Saquina, jirani yetu wa ukuta, alipomwona uso umemshuka alimshika mkono, akamwuliza, "Mwanangu, nani katutoka?" naye akamjibu kwamba hakuna mtu aliyekufa, kilichokufa ni mchoro wake. Alikuwa ameishi mtaani hapa karibu miaka miwili, alikuwa amezika pamoja nanyi, kwa maana kila mkisimama kwa msiba alisimama, na bado alichora kile kisanduku bila kujiuliza anayekisikia hufanya nini, na hilo aliliandika mwenyewe kwenye ripoti, kwa jina lake, bila kumtaja mwingine.

Shida iliyofuata ilikuwa ya kiofisi. Kwa vipimo vilivyokubaliwa zoezi lilikuwa limefaulu, kwa sababu habari ilitoka kituoni na kusikika mtaa mzima kwa dakika nne, na kila ukurasa ulikubaliana na mwenzake, na wageni kutoka Maputo walikuwa wakisubiriwa mwezi Desemba kukabidhiwa mfumo ukiwa na saini ya mkuu wa usanifu. Marehemu aliombwa atie saini, aliombwa kwa upole, kisha kwa simu, kisha kwa barua, naye alijibu kwa sentensi moja, ambayo familia inayo nakala yake, kwamba mfumo huu kama ulivyochorwa unawakusanya watu pale pale tunapotaka waondoke, na siku ya kweli hatutapata nafasi ya kurekebisha karatasi. Februari 2024 alivuliwa ukuu wa usanifu, akabakizwa mshauri, na nafasi yake haikupata mtu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutia saini mahali alipokataa yeye.

Mwezi uliofuata, tarehe 21 Machi 2024, aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo hospitalini Pemba. Mimi nilimwambia wazi kwamba sasa aache, atie saini au asitie, lakini aje Mueda apumzike, na nilimwambia kwa hasira, na leo nasema mbele yenu kwamba hasira ile ilikuwa hofu. Alirudi hapa, na pamoja na fundi wake, binti Zuleica, alipita nyumba hadi nyumba kwa miezi minane, siku alizoweza kutembea, akiuliza swali la pili, ambalo alisema ndilo alilosahau kumwuliza baba akiwa hai, si ulijuaje, bali ukisikia hivi utafanya nini.

Kwa swali hilo aliongeza kwenye mchoro ukurasa wa arobaini na mbili, ambao Lisboa hawakuwa nao, ukurasa wa anayesikia. Kwanza alifikiria kutundika rimu ya gurudumu la lori na kuigonga, na bintiye Nélia ndiye aliyemwambia kwamba rimu ikigongwa watoto wote watakimbilia darasani, basi akaifuta, akafikiria filimbi za wauza samaki, wanawake wakamwambia wangetoka na mabeseni, akazifuta nazo, na mwishoni alichagua king'ora cha kuzungusha kwa mkono, kwa sababu moja tu, kwamba mtaani hapa sauti ile haikuwa na mwenyewe, na mtu angeweza kufundishwa maana yake upya. Kisanduku cha kipaza sauti hakukifuta. Idara ilimtaka akiondoe, akakataa, akisema kitu kisichochorwa kuna siku mtu ataona kinafaa na kukirudisha, hivyo kilibaki kwenye ukurasa, na kwenye mshale wake akaandika kwa mkono, "Msiba. Wote wanakuja."

Zoezi la pili, la king'ora, lilifanyika Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Marehemu hakuweza kusimama, aliwekewa kiti kwenye lango la shule, Zuleica akashika saa, na watu mia tatu na sabini na mmoja walipita mbele yake kwa dakika kumi na tisa, bibi Saquina akiwa miongoni mwao, akilalamika njia nzima kuhusu magoti yake. Tarehe 3 Aprili 2025, akiwa amelazwa Nampula, na nafasi yake ikiwa bado wazi, aliutia saini mchoro, kurasa zote arobaini na mbili, na mwezi Juni idara iliupokea.

Kuanzia Julai hali yake ilidhoofika, akaomba arudishwe Palma, na juzi Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa mbili na nusu asubuhi, alifariki katika chumba chake, mkewe akiwa pembeni yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Ameacha mjane, watoto wawili, mama mzazi na wadogo wanne.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa Pemba na Nampula, ambao hawakutuficha kitu, ninaishukuru idara, ambayo mwisho ilimsikiliza, ninamshukuru Zuleica, ambaye amebeba karatasi zake kama za babaye, na ninawashukuru majirani, ambao kwenu nina neno moja ambalo halikuandikwa, naye marehemu atanisamehe. Ndugu yangu alikuwa Mkristo, mtu wa bara, mgeni wenu, na sisi ndugu zake tulikuwa mbali, na asubuhi ile Gracinda alikuwa peke yake na watoto, hajui aanze na nani, na kabla hajatoka nje mzee Buanali alikuwa amekwishafungua kipaza sauti, saa tatu kamili, nje ya saa za sala, akalitaja jina la Cândido mtaa mzima. Nilipofika jioni nilikuta ua umejaa, mchele umeletwa, na majembe kumi na mawili yameegemezwa ukutani kwake.

Pumzika kwa amani, kaka. Wote wamekuja.