Mlinzi wa Kompyuta za Jumamosi

Mwalimu Pascasie Nyiraneza anastaafu tarehe 31 Julai, baada ya kufundisha shuleni kwetu, hapa Nengo kando ya Ziwa Kivu, kwa miaka ishirini na saba. Nilikuwa mkuu wake wa shule kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikubali haraka, kwa sababu kuna jambo nimelificha, na daktari wangu siku hizi hapendi kuzungumzia mwaka ujao.

Alianza na jiografia. Kompyuta zilipoletwa, sisi wengine tulisimama mlangoni tukizitazama. Yeye akavua viatu, akaingia. Tangu siku hiyo kila mtu huacha viatu nje ya chumba kile, maana vumbi jeusi la volkano halina adabu. Kazi ikiisha, kila mashine hufunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Wanafunzi wa sekondari walikuwa na vipindi vyao. Wale wa msingi, wanaotembea kutoka Cyanzarwe, walichungulia dirishani tu. Pascasie akawaombea Jumamosi. Kamati ya wazazi ilikubali kwa sharti moja: mzee wa kamati akae humo ndani, mashine zisiharibiwe wala kuibwa. Nilikuwa nimeshastaafu ukuu wa shule na kubaki kwenye kamati, nikajitolea.

Jumamosi zile ndizo zinazonijia sasa nikiwa kitandani. Upepo wa ziwa unapita dirishani, vidole vidogo vinagonga vibonye kama mvua inayoanza juu ya mabati. Binti mmoja, Cyuzuzo, ambaye mama yake huvusha nyanya kwenda Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière, siku moja aliwasha mashine kabla ya wenzake, akautafuta mji huo kwenye ramani, akakasirika.

“Mwalimu, mupaka iko wapi? Mi naona mustari tu!”

“Bon, ndiyo hiyo mustari,” Pascasie akamjibu. “Mama yako anaipangia foleni kila asubuhi.”

Chumba kizima kilicheka. Miaka yote hiyo hakuna mashine iliyovunjika wala kupotea, na kila mwisho wa mwaka kamati ilinishukuru mimi.

Sasa Pascasie anaondoka. Mwalimu Gentil Mwiza yuko tayari kuwafundisha wadogo hao, lakini mimi siwezi tena kupanda ngazi, na kamati inataka Jumamosi chumba kifungwe mpaka apatikane mlinzi mwingine.

Pascasie, asante. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, na uzi wa kufumia usioisha.

Na ninyi wanakamati, msitafute mlinzi. Sauti ile ya vibonye ilinichukua kila Jumamosi kabla mashine ya mwisho haijawaka. Niliota watoto wakiandika majina yao juu ya maji ya Kivu, na maji yakiyashika. Nilipozinduka vitambaa vilikuwa vimesharudishwa, na Pascasie akiwanong'oneza watoto: “Muache Muzee, iko nafanya kazi yake.”

Nilikuwa nalala. Kompyuta zile hazijawahi kulindwa na mtu yeyote.