Kasiki la Bi Mwanahija

Bi Mwanahija binti Rehani, mtunza maua wa nyumba ya Bi Mize binti Haji hapa Bagamoyo, anapumzika kazi leo, mwisho wa Rajabu, mwaka elfu moja mia tatu na nne, baada ya kuitumikia bustani ya nyumba hii kwa miaka ishirini na saba. Ruhusa ameiomba mwenyewe, kwa kuwa magoti yamegoma kuinama, na bintiye Adija amekwisha kumfagilia chumba huko Zinga. Maneno haya yameandikwa na mwenziwe, Mwanvita, mtunga vikuba vya maua wa nyumba hii hii, yasomwe mbele ya wageni baada ya dua na kabla ya pilau. Nimeagizwa nisirefushe. Nitajitahidi, lakini ukiisikia harufu ya bizari jikoni, jua bado nina la kusema.

Alipoingia nyumba hii alikuwa mke kijana wa Kitwana, mchukuzi wa forodhani. Uani palikuwa na kisima, mpapai mmoja na kuku wengi mno. Bi Mize, aliyekuwa ndiyo kwanza ameirithi nyumba, alitaka maua, tena ya kudumu, si ya kung'oa na kupanda upya kila masika. Alikuwa na tawi la mwasumini alilolikata kwa marehemu mamaye, limeviringwa kitambaa kibichi, na hakuwa na pa kulitia, maana udongo wa uani una chumvi. Kitwana akaleta kutoka forodhani kasiki la samli, mtungi mkubwa wa udongo, lililotupwa kwa kupasuka kitako. Basi tawi la Bi Mize likaingia katika kasiki la Kitwana, na mkono wa Mwanahija ukashindilia udongo. Tangu siku hiyo mwasumini ule hauna mwenyewe mmoja. Mizizi imejaa kasiki zima, huwezi kutoa kimoja ukaacha kingine. Jambo hilo halikumsumbua mtu hata siku moja, mpaka Bi Mwanahija aliposema anaondoka.

Kwa wageni wasiojua, asumini zote za uani humu ni watoto na wajukuu wa kasiki lile. Na si za uani humu tu. Bibi harusi wengi wa mji huu wamelalia maua yake, na kikuba ulichokichomeka kifuani leo, mwana wa watu, kimetoka huko.

Kuchagua ua la kupanda, kwa Bi Mwanahija, kulikuwa kama kuchagua mpangaji. Hakuuliza kwanza lina uzuri gani, aliuliza litakaa wapi. Mkadi aliupeleka nyuma ya jiko, maji ya kuoshea vyombo yanakopita, kwa sababu unapenda miguu yake iwe na unyevu na miiba yake haifai karibu na wageni. Mlangilangi hakukubali hata siku moja kuutia chunguni. Alisema ule ni mti, na mti ukiutia chunguni unakuwa mfungwa. Mkilua aliusubiri miaka bila kunung'unika, akitukataza kuutazama sana, eti unaona haya. Rihani aliiheshimu lakini hakuitegemea, kwani ni mgeni wa kuja na kuondoka, na yeye alipenda wanaokaa.

Vyungu vyake vilikuwa na sheria zao. Chini vigae, juu yake mchanga wa mtoni uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokauka hata haina harufu, na juu kabisa makumbi ya nazi kuzuia jua. Kumwagilia ndiko kulikotutoa jasho, maana alitukataza kushika kata ya maji kabla ya kuchomeka kidole udongoni. Kidole kikitoka kimelowa, urudi zako. Kidole kwanza, kata baadaye. Ameyasema maneno hayo mpaka kasuku wa jirani ameyashika.

Bi Mize naye ana tabia yake, na kwa kuwa yuko hapa anacheka, nitaisema. Hawezi kuona tumba la ua likipotea. Tumba likianguka kabla ya kufunguka, ataliokota, atalitia majini, atalisemesha. Mwaka alioletewa mwaridi kutoka Unguja aliuweka baraza ya mbele ili wapita njia wauone. Upepo wa pwani ukaubabua majani kwa chumvi. Bi Mwanahija hakubishana na tajiri wake. Kila alasiri aliuhamisha ndani ya ukuta kwa kisingizio cha kufagia baraza, na kila asubuhi akachelewa kidogo zaidi kuurudisha, mpaka siku moja hakuurudisha kabisa. Barazani akaweka mhina, usioogopa chumvi wala kiu. Bi Mize akasifu sana, akasema alikuwa na nia hiyo tangu mwanzo.

Na yule mgeni wa Fukayosi nimtaje, maana amekuja leo na amekaa karibu na mlango. Alitaka mmea utakaotoa maua kila siku, uvumilie jua, na usidai maji. Bi Mwanahija alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamshauri anunue mkeka wenye nakshi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu wa nyumba hii angenilaumu nikiliacha.

Miaka mitatu iliyopita, siku chache baada ya Maulidi, Kitwana alifariki dunia. Mungu amrehemu. Bi Mwanahija akakaa eda nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo sheria, hatoki, hajipambi, hagusi manukato. Huku kwetu Bi Mize alikuwa anamwoza bintiye Mina mwezi wa Shaabani, na harusi ile ilitegemea asumini za kasiki. Kaskazi ilikuwa kali. Tukajiapiza kwamba mwenzetu atakapotoka eda ataikuta bustani yake kama alivyoiacha, au nzuri zaidi.

Hilo la nzuri zaidi ndilo lililotuponza. Muhidini, mchota maji wetu, aliona maji yakivuja chini ya kasiki kwa ule ufa wa zamani. Akahuzunika. Kisima kimepungua, mwenye kasiki amefariki, mjane wake yuko ndani, na maji yanapotea bure. Basi akachanganya chokaa, akauziba ufa kwa ustadi wa mwashi, na akawa anamwagilia asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kidole tulikisahau. Kila mmoja wetu alikuwa akipita na kata yake kwa huruma. Baada ya muda mwasumini ukaanza kuwa wa manjano. Tukaona ni kiu, tukaongeza maji.

Ulipoanza kudondosha majani tulishikwa na hofu. Hatukuhofia harusi tu, ingawa Bi Mize alikuwa halali usingizi. Tulihofia siku ambayo tungemwambia Bi Mwanahija kwamba baada ya Kitwana, na kasiki lake nalo limekufa mikononi mwetu. Yeye hawezi kutoka. Likabaki moja, kulipeleka kasiki kwake.

Lakini utaupelekaje mwasumini wenye matumba kwa mtu aliye katika eda? Manukato ni haramu kwake, na asumini ikifunguka ndani ya nyumba haiombi ruhusa. Wazee wangetuambia nini? Basi mimi na Muhidini tukakaa chini tukaanza kuyatoa matumba, moja moja, na vile vichipukizi vya juu vinavyobeba matumba tukavikata pia, ili harufu isizaliwe hata baada ya siku kadhaa. Bi Mize akatukuta katikati ya kazi. Alisimama akayatazama matumba yaliyolala mkekani.

"Mmenivunjia harusi ya mwanangu," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Wachukuzi wawili waliokuwa rafiki za marehemu wakalipitisha mpiko, ule mti wa kubebea mabegani, wakalibeba, mwasumini ukiwa fimbo tupu. Wakalitua ukumbini kwa Bi Mwanahija, wakatoka nje pamoja na Muhidini, nikabaki mimi naye. Alikuwa amekonda. Hakuuliza habari za mtu. Alichomeka kidole udongoni, kikatoka kinachuruzika. Akainama akapapasa kitako cha kasiki kama mtu anayetafuta kidonda, akaikuta chokaa. Akauliza kwa sauti ni nani aliyeziba. Muhidini akajibu kutoka nje kwamba ni yeye, na kwamba alifikiri anaokoa maji.

"Muhidini, mwanangu," akamwambia, "umemziba pumzi kwa mapenzi. Zibua."

Kisha akalikumbatia kasiki la mumewe akalia. Mwanzo hadi mwisho wa msiba hatukuwa tumemwona akilia, na mimi nikalia naye, sikuona aibu na sioni leo. Tulipokwisha kujifuta akautazama mwasumini uliopukutishwa, nikamweleza kwa nini. Akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi. Akasema tumeuponya bila kujua. Mmea mgonjwa hauwezi kulea matumba na kuotesha mizizi kwa wakati mmoja, na kama tusingeiogopa eda yake, matumba yale yangeumaliza. Kosa moja la Muhidini, na heshima moja, vikakutana juu ya kasiki lile.

Chokaa ikabanduliwa, masika ikaanza, na kasiki likakaa ukumbini kwake likichipua majani. Eda ilipokwisha alirudi nalo, yeye mbele, wachukuzi nyuma. Harusi ya Mina waliohudhuria wanaikumbuka. Maua yalikuwa mengi hata tukakosa uzi wa kutungia. Tangu hapo nyumba hii ina desturi yake, kwamba mmea haubebwi mpikoni kabla ya kuvuliwa matumba yote. Bi Mize aliikubali desturi hiyo kwa shingo upande. Kila tunapoitimiza huingia ndani asione.

Jambo moja tu halikurudi. Bi Mwanahija hakuvaa tena kikuba. Eda ilikwisha, sheria ilimruhusu, mimi mwenyewe nilimtungia mara nyingi, naye akinishukuru na kukichomeka kwa mtu mwingine. Sikumuuliza. Nyumba hii nzima imenukia kwa mikono yake, na yeye hakujiwekea hata ua moja.

Kwa hiyo alipoaga, sote tuliwaza lile lile, na hakuna aliyethubutu kulisema. Kasiki je? Bi Mwanahija hakuliomba, wala hataliomba, si mtu wa kuomba. Wiki nzima hii ametufundisha kulitunza kana kwamba linabaki, na kila jioni amelipangusa vumbi kwa upande wa khanga yake. Kwa upande wa pili, tawi lile ni la mama yake Bi Mize, na Bi Mize hakusema kitu. Nilipoandika mpaka hapa jana alasiri, nilikuwa nimekusudia kumalizia kwa fumbo, kwamba kheri hugawanywa, na mengineyo ya namna hiyo, nikitumaini mwenye kusikia atasikia. Nimelifuta fumbo. Halihitajiki tena.

Leo asubuhi tuliingia uani kutandika mikeka, tukalikuta kasiki limesogezwa karibu na mlango. Mwasumini ulikuwa umejaa matumba jana, masika hii. Leo hauna hata moja. Limetolewa kila tumba, na kila kichipukizi kimekatwa, si kwa mkono wa mzoefu, maana vingine vimekatwa upande. Tukatazamana, kila mmoja akakana. Bi Mize alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kisima, bakuli la matumba mapajani, macho mekundu, anayatia maji.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Mpiko uko wapi? Zinga si karibu."

Bi Mwanahija, uliyekaa hapo mbele unajifanya unatafuta uzi kwenye khanga, sasa nasema nawe. Tunakushukuru kwa kivuli, kwa harufu, kwa ukali wako na kwa kidole chako. Muhidini ameapa kutoziba ufa wowote tena maishani. Vyungu vya hapa tutavitunza, na tukikosea tutakuletea, njia tunaijua. Mungu akupe huko Zinga afya, usingizi mwema, wajukuu wa kukuchotea maji, na miaka mingi isiyo na magoti mabaya.

Ukifika, liweke kasiki mahali penye jua la asubuhi, uliache lipumzike. Litakaa kimya wiki kadhaa, kisha litachipua. Na ua la kwanza likifunguka, Bi Mwanahija, usimtungie mtu. Livae.